Panya Waliofunga bila Nia

Jumanne, 19 Oktoba 1971

Gauni la Idd ya mwaka jana limemtosha binti yetu Kulthumu sawasawa. Halikumbana kwapani, halikupanda magotini. Kasimu alimsimamisha juu ya meza ya cherehani kama kila mwaka kabla ya Ramadhani, maana wateja wakishaanza kumiminika mtoto wa fundi ndiye anayevaa matambara. Akapima bega, akapima mgongo, akapima toka kiunoni hadi gotini. Kisha akapima tena. Pindo la chini, lile la vidole vitatu alilolikunja mwaka jana ili alifumue mtoto akirefuka, liko palepale. Mume wangu si mtu wa maneno. Akajitupia futi shingoni, akasema, "Tutaona," akarudi kwenye kazi.

Tutaona nini? Mtoto ana miaka saba na kimo cha mtoto wa miaka mitano. Tangu aanze vidonge vya kifafa, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, hajaanguka hata mara moja, alhamdulillahi. Lakini chakula hakipiti. Namwekea bukari, ugali wetu, na samaki kwenye sahani yake ya bluu, anakula matonge manne anasema tumbo limejaa. Mama mkwe wangu, Bi Alima, ana jibu lake na halitoki mdomoni: "Ile dawa iko nakula mifupa ya mutoto." Na mimi Amida, laborantine, mpimaji wa maabara mwenye diplome yake ukutani, siwezi kusema kama anakosea.

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nitaandika mpaka mvua ziishe.

Alhamisi, 21 Oktoba

Siku ya kwanza ya funga. Na kazini tumeanza jambo ambalo, wallahi, ni kama nimeliomba.

Bosi wangu, Docteur Mutale, ameona watoto wengi wa hospitali wanaokunywa vidonge kama vya Kulthumu wanabaki wafupi. Anataka kujua mkosaji ni nani: ni sumu ya dawa inayoziba mifupa isikue, au ni njaa tu, kwa kuwa dawa inamwondolea mtoto hamu ya kula? Mambo mawili yametembea pamoja, na ukiyaona pamoja hujui lipi limempiga mtoto.

Basi tumechukua panya weupe thelathini, wadogo, waliotoka kunyonya juzi. Kundi A wanakula watakavyo, hawana dawa. Kundi B wana dawa, chakula kipo tele lakini hawakitaki. Kundi C ndio ujanja wenyewe. Hawana dawa hata punje, ila kila mmoja ana pacha wake kule B, na anapewa kwa mizani kile alichokula pacha wake jana, si zaidi. Pacha akila gramu sita, naye sita. Baada ya siku ishirini na nane tutapima mifupa ya mapaja. C wakiwa wafupi kama B, kosa ni la njaa. C wakirefuka kama A ingawa wamekula kidogo, kosa ni la dawa.

Docteur hajui kwamba nina panya wangu nyumbani. Sijamwambia mtu kazini habari za kifafa cha Kulthumu. Watu wakisikia ugonjwa huo wanavuta viti vyao.

Jumamosi, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza, ya dakika kumi. Vumbi limegeuka matope mepesi na mtaa wetu wote wa Kamalondo unanuka udongo.

Jumatatu, 25 Oktoba

Baba Sumaili atanitia wazimu. Ndiye mtunzaji wa panya wetu, mzee wa Kasongo, mjane, anayelala katika chumba kidogo nyuma ya laboratoire. Kazi yake ni kusafisha masanduku na kugawa chakula jioni kwa vipimo nilivyoviandika. Leo amesimama mbele ya kundi C nusu saa nzima, ufagio mkononi.

"Mama Kulthumu, hawa banamaliza chakula kwa dakika kumi. Kiisha banashika vyuma banaangalia muntu."

"Ndiyo kazi yao, Baba."

"Banafunga?"

"Eeh, wamefunga kama wewe na mimi." Nilisema kwa mzaha ili aende.

Akafikiri. "Lakini hawa habana nia. Kufunga bila nia haiko kufunga. Ni njala tu."

Nikamwambia panya hawana madhehebu, apige ufagio. Mzee anatafuta fatwa ndani ya masanduku ya panya!

Alhamisi, 28 Oktoba

Redio inasema nchi yetu tangu jana inaitwa Zaïre. Kasimu aliuliza kama atabadilisha maandishi ya kibao chake cha ufundi. Bi Alima akamwambia kwanza amalize kanzu ya jirani.

Alhamisi, 4 Novemba

Kupima uzito, wiki ya pili. A wananenepa. B wako duni, manyoya yamesimama. C wanaongezeka vizuri, karibu kama A. Nilirudia mizani mara mbili. Docteur Mutale akatikisa kichwa kwa furaha: "Unaona, Madame? Kiumbe chenye afya kinajua kutumia chakula kidogo." Nikaandika. Yeye ndiye docteur.

Jioni Kulthumu alikula matonge matatu. Sahani ya bluu nikaipeleka kwa kuku.

Jumanne, 9 Novemba

Leo nimekasirika mpaka nikahofia funga yangu. Asubuhi nimekuta kipande cha kitumbua chini ya meza ya kundi C. Kitumbua! Ndani ya laboratoire, mwezi wa Ramadhani. Nikamwita Baba Sumaili mbele ya André, kijana anayetupigia ripoti kwa mashine.

"Baba, mtu mzima na ndevu zako, unakula mchana wa Ramadhani, tena mahali pa kazi? Hata aibu huna?"

Uso ukamshuka. Alitazama kile kipande, akatazama masanduku, akainama akakiokota. "Unisamehe, Mama Kulthumu," akasema. Basi.

André akacheka. Mimi nikasema moyoni, kumbe hata wenye kuswali mstari wa kwanza ni hawa hawa.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimeloa hadi kwenye mfupa, na hakuna zaidi la kuandika.

Alhamisi, 18 Novemba

Siku ya ishirini na nane. Sitaki kuandika jinsi panya wanavyouawa. Ni haraka, na Docteur ana mkono mwepesi. Baba Sumaili aliomba ruhusa ya kwenda msikitini toka asubuhi, hakutaka kuona. Nikamwona ana utoto.

Jumamosi, 20 Novemba, Idd

Kulthumu kavaa gauni la mwaka jana. Kasimu ameshona la pili, jipya, la kitambaa cha njano, lakini kalikunja tena vidole vitatu chini na kwa kipimo kilekile. Mtoto kachagua la zamani kwa sababu lina mifuko. Wanawake msikitini wakasema, "Limemkaa vizuri!" Nikatabasamu na kutamani ardhi ipasuke.

Tulikula pilau sote kwenye sinia kubwa, na Kulthumu sahani yake ya bluu, pembeni, mlangoni. Alikula kama ndege.

Ijumaa, 26 Novemba

Majibu.

Tulichemsha mifupa, tukaisafisha, tukaipanga juu ya karatasi nyeusi. Docteur alipima kwa kile chuma chake cha kubana, mimi nikaandika. A, wastani milimita ishirini na saba na kidogo. B, ishirini na tatu na nusu. C, ishirini na sita na nusu.

"Angalia, Madame Amida. C ilikula kidogo sawa B, lakini mifupa iko karibu sawa ya A. Donc haiko njala. Ni dawa yenyewe. C'est clair."

Niliushika mfupa mmoja wa B. Mwembamba kama kijiti cha kibiriti. Nikaona goti la mwanangu.

Docteur ataandika ripoti iende Kinshasa, na nakala hospitalini hapa, ili waache kuwapa watoto dawa hiyo. Ataituma kabla ya Noeli. Mimi sina haja ya kungojea Noeli.

Jumamosi, 27 Novemba

Nimefungia kikopo cha vidonge ndani ya sanduku la nguo. Bi Alima alinishika mikono yote miwili: "Nilikuambia, mwanangu. Damu inajua." Ni mara ya kwanza ananiita mwanangu tangu niolewe.

Kasimu aliuliza swali moja tu: "Docta wa hospitali anajua?"

"Mimi mwenyewe nimeishika ile mifupa, Kasimu!"

Akaacha. Ni mtu wa amani, na mimi nina diplome.

Ijumaa, 3 Desemba

Amekula! Bukari, mboga za lengalenga, mguu mzima wa kuku, akaomba tena. Nilisimama jikoni nikalia kwenye kitenge changu. Siku sita tu bila dawa. Ningekuwa na mabawa ningeruka mpaka kwa Docteur nyumbani kwake mtaa wa Golf nikambusu mikono.

Jumatano, 8 Desemba

Anakula. Anaimba. Mvua kila siku saa nane, unaweza kurekebisha saa kwayo.

Jumamosi, 11 Desemba

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Ilikuwa asubuhi, jua zuri baada ya mvua. Kulthumu alichuchumaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akichoma hindi. Bi Alima alikuwa anachambua mchele, mimi nafua. Nilisikia sauti ile. Mwaka mzima sikuisikia na niliitambua kabla sijageuka. Mwili umekaza, macho yamepanda, na akaangukia mbele, mkono wa kushoto ndani ya makaa.

Sijui nani alimvuta, mimi au Bi Alima. Najua harufu. Kasimu alikuja mbio, futi bado shingoni, akambeba mikononi mpaka barabarani, na gari la mtu tusiyemjua likatuchukua hadi hospitali. Alianguka tena mara mbili ndani ya gari. Mara ya pili ilidumu mpaka nikaanza kusoma shahada masikioni mwake.

Nesi aliyetupokea, Mama Kapinga, alimtuliza kwa sindano, akafunga mkono, akaja kunikabili ukumbini.

"Alikuwa nakunywa dawa gani?"

Nikamtajia.

"Na leo alikunywa?"

"Tumeacha. Wiki mbili."

"Nani alisema muache? Hii dawa habaiachake mara moja hivi! Unataka kuua mutoto?"

"Hakuna aliyesema. Ni mimi."

Nadhani alikuwa na maneno mengine tayari, akayameza. Akaniletea kiti.

Vidole viwili havitanyooka tena vizuri, wamesema. Uhai upo. Vidonge vimerudi. Kasimu hajanilaumu kwa neno lolote. Angenipiga kofi ningepata usingizi.

Jumatatu, 13 Desemba

Nyumbani. Matonge mawili. Basi huu ndio uchaguzi wangu: nimpe dawa abaki kibeti mwenye mifupa ya kijiti, au nisimpe aungue. Bi Alima anakaa na tasbihi lakini haizungushi.

Jumanne, 14 Desemba

Baba Sumaili amekuja kumwona mgonjwa.

Alitembea katika mvua yote ile, ameshika samaki wa Kasenga aliyefungwa kwa gazeti. André alimwambia mtoto wangu ameungua, hakumwambia zaidi. Nilimpokea kwa baridi, nakiri, maana sijasahau kile kitumbua. Bi Alima akapika samaki, sinia likaletwa, na sahani ya bluu ikawekwa kule mlangoni kama siku zote.

Mzee akanawa mikono, akatazama sinia, akatazama mlango. Akainuka na magoti yake mabovu, akaenda akaketi chini karibu na Kulthumu.

"Baba, kuya huku," akasema Bi Alima. "Huyo anakula peke yake."

"Juu ya nini?"

Mama mkwe akanong'ona, "Juu ya ile ugonjwa. Mate yake... unajua vile bantu banasema, inaambukiza."

Nami nilikuwepo, mimi mwenye diplome, ninayejua kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa sahani. Miaka mitatu nimeibeba sahani ile kwa mikono yangu mwenyewe. Nilijiambia ni kwa ajili ya amani na mama mkwe.

Baba Sumaili akatia mkono kwenye sahani ya bluu, akamega tonge, akachovya mchuzi uleule. "Miye nimefuturu na panya mwezi muzima," akasema, "sasa nitaogopa mutoto wa bantu?"

Kulthumu akacheka mpaka akakohoa. "Na panya? Panya kweli? Wanakula nini?"

"Bukari. Kitumbua, banapenda kitumbua sana. Unaona, mama yako eko na bale panya kumi, banapewa kidogo, banamaliza, banabaki kuangalia. Magharibi inafika, adhana inalia, miye niko na chakula yangu mbele ya macho yao. Nitakula namna gani? Mwenye shibe hamjui mwenye njala, lakini miye siku ile yote nilikuwa na njala, niliwajua. Na kufuturisha muntu ni thawabu. Nikasema, na kiumbe wa Mungu je? Basi, kila jioni, kila mumoja kipande yake. Tena tonge nzuri."

Alikuwa anamsimulia mtoto, hanisemi mimi. Na mtoto, akisikiliza, alikuwa anakula. Tonge kwa tonge, zamu kwa zamu na mzee. Sahani ikaisha. Akaomba tena.

Mimi sikuweza kuinua mkono wangu kwenye sinia. Kundi C walikuwa wanakula. Kila jioni, siku ishirini na nane. Bila shaka walinenepa! Bila shaka mifupa ilirefuka! Niliiona kwenye mizani tangu wiki ya pili na nikaandika tu. Na kile kitumbua kilikuwa cha panya. Nilimtukana mzee aliyefunga, mbele ya kijana, kwamba anakula mchana, naye akaomba msamaha kwangu.

"Baba," nikamuuliza alipokuwa anavaa viatu, "siku ile ya kitumbua, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema sikukula, ungeuliza nani alikula. Nilijua si ruhusa." Akafunga kamba. "Na Mungu alijua nimefunga. Inatosha."

Jumatano, 15 Desemba

Usiku kucha nimefikiri. Ripoti inaondoka Ijumaa. Ikiondoka, hospitali itaacha dawa, na watoto wa watu wengine wataanguka kwenye mbabula za mama zao. Nikisema, Baba Sumaili atafukuzwa, na chumba kile cha nyuma ndiyo nyumba yake. Nami pia nitaulizwa mizani yangu ilisomwa kwa macho ya nani.

Asubuhi nilimweleza Baba Sumaili yote, na kifafa cha Kulthumu nikamtajia kwa jina, na vidonge nilivyovifungia sandukuni. Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye mkono wa mtoto aliketi juu ya ndoo.

"Ni tonge zangu njo zilichoma ule mkono."

"Hapana, Baba. Ni mimi."

"Ni siye babili," akasema. "Twende."

Docteur Mutale alikuwa anasahihisha ukurasa wa mwisho. Nilifungua mdomo, lakini mzee akanitangulia, kofia mkononi. "Docteur, miye njo mwenye kosa. Bale panya ba C, nilibapa chakula."

Docteur hakuelewa. Ikabidi tuseme mara tatu. Kisha akaelewa, akavua miwani.

"Kila siku?"

"Kila magharibi, Docteur."

"Miezi miwili ya kazi! Unajua umefanya nini, mzee? Ningetuma hii! Na jina langu juu!" Akapiga karatasi kwa kiganja. Akanigeukia. "Na weye, Madame? Uzito ule hukuuona?"

"Niliuona. Tuliuona wote wawili, Docteur."

Nilidhani amenifukuza. Alikwenda dirishani akasimama huko, mvua inapiga kioo. Ndipo nikamwambia habari za Kulthumu. Sikupanga. Nikasema mtoto wangu ana kifafa, anakunywa dawa hii hii, niliacha kumpa kwa sababu ya mifupa ile, na sasa vidole viwili vimekauka. Kabla ya leo sikuwahi kulitamka neno hilo kazini. Hakuvuta kiti chake.

Akarudi mezani, akaichana ripoti katikati, taratibu, kama mtu anayechana kitambaa. "Tunaanza tena," akasema. "Baba Sumaili atagawa chakula."

"Miye?" Mzee alishangaa kuliko mimi.

"Nani mwingine? Weye peke yako njo ulibaona kama beko na njala. Siye tulikuwa tunaona gramu tu. Lakini utaapa kama hautabapa kitu tena."

Akaapa. Akaongeza sharti lake: asile tena ndani ya chumba cha panya, na amri ikitoka ya kuwapa panya chakula cha kushiba, awe wa kwanza kuambiwa.

Jumatatu, 3 Januari 1972

Panya wapya, vipimo vilevile. Baba Sumaili anagawa, kisha anatoka na kufunga mlango nyuma yake. Anasema anaswali kwa sauti kubwa asisikie vyuma vinavyotikiswa.

Kulthumu amekula nusu sahani leo. Nimeketi naye mimi.

Jumamosi, 15 Januari

Uyoga umejaa sokoni, bowa zile kubwa za njano. Kulthumu anazipenda. Tumekula sahani moja, mimi, yeye na Kasimu. Bi Alima alikula peke yake kwenye sinia kubwa, kama sultani, na hakuonekana kufurahi.

Alhamisi, 27 Januari, Idd kubwa

Nyama tele. Gauni bado linamtosha. Sitazami.

Ijumaa, 4 Februari

Majibu ya pili. A, ishirini na saba. B, ishirini na tatu na nusu. C, ishirini na nne na kidogo.

Nilipima mwenyewe, Docteur akaandika, tukabadilishana, tukapima tena. Panya wenye njaa bila dawa wamebaki wafupi karibu sawa na wenye dawa. Karibu. Kile kidogo kinachobaki, nusu milimita na ushee, ni cha dawa yenyewe, na Docteur anasema tusikifiche. Lakini mzigo mkubwa ni njaa.

"Hii ni panya," akanikumbusha. "Mutoto wako haiko panya. Peleka hii hospitali, babo bataamua."

Baba Sumaili aliuliza kama sasa C wanaweza kula. Nikamkumbusha kwamba sasa hawapo. Akasema, "Eeh, nilisahau," akaenda kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Jumatatu, 7 Februari

Hospitalini. Daktari wa Kulthumu amekubali vidonge visimezwe kwenye tumbo tupu: ale kwanza, dawa baadaye, na mlo ugawanywe mara tano kwa siku, kidogo kidogo. "Na asikule yeye peke yake," Mama Kapinga akaongeza kutoka mlangoni. "Mutoto akikula peke yake anachezea tu chakula." Sijui nani alimwambia. Labda uso wangu.

Jumatatu, 21 Februari

André haitwi tena André. Majina ya kigeni yamekatazwa, sasa ni Musonda, na anakasirika ukikosea. Nimekosea mara nne leo.

Jumapili, 5 Machi

Leo mchana Bi Alima alisimama na sinia mikononi, akatuangalia sisi watatu tumezunguka sahani ya bluu, magoti yanagongana. "Munaikala pale sawa wakimbizi," akasema. Kulthumu akamjibu, "Bibi, kuya, nafasi iko." Mama mkwe akaweka sinia chini katikati yetu, akaketi, akasema bismillahi. Alisita, namjua, niliuona mkono wake juu ya mchuzi. Kisha akamega nyama, akaiweka upande wa mtoto, na yeye mwenyewe akala palepale pembeni ya vidole vile viwili vilivyopinda.

Sinia liliisha kabla sijashiba.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua zinapungua. Hajaanguka tangu Desemba.

Jumanne, 25 Aprili

Kesho Maulidi. Siku kumi na mbili hakuna mvua, vumbi limerudi mlangoni, na daftari limebaki kurasa mbili.

Baba Sumaili alikuwa hapa, siku hizi anakula kwetu kila Jumanne. Nilimwambia André, yaani Musonda, mbele ya watu kazini, kwamba mwaka jana nilimsingizia mzee huyu, kumbe alikuwa amefunga. Nilichelewa miezi mitano. Mzee alisema hakumbuki habari yoyote ya kitumbua, akaomba chumvi.

Baada ya chakula Kulthumu alienda kuvaa gauni lake la mifuko aonyeshe atakavyovaa kesho. Akatoka chumbani amenuna.

"Baba, umelikata!"

"Nani amelikata?"

"Magoti yananitoka! Nitakwenda hivi Maulidi? Bantu batanicheka!"

Kasimu alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aliiweka chini. Akamsimamisha juu ya meza, akavuta futi toka shingoni, akapima toka kiunoni hadi gotini. Akapima tena. Akapiga magoti, akalishika lile pindo la vidole vitatu kati ya kidole gumba na cha shahada, na hakuinuka kwa muda mrefu, hata Kulthumu akaanza kulalamika kwamba miguu inamuuma.

"Amida," akaniita, na sauti yake haikuwa sauti yake. "Niletee wembe."

Wembe na pini zake sasa hukaa kwenye sahani ya bluu, juu ya kabati. Nikamletea sahani nzima. Akaanza kufumua.